Hati Yako Haikuungua Yote: Jinsi ya Kutafuta na Kuomba Karatasi za Serikali na Mahakama katika Kisangani



Katika mikutano yetu ndani ya komini sita za Kisangani, yaani Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga, swali moja hurudi karibu kila mara: "Tumekimbia mikono mitupu, nyumba imeungua na karatasi zimeungua. Sasa tutaonyesha nini?" Tunajibu hivi: karatasi iliyoungua nyumbani mara nyingi si karatasi pekee. Iko nyingine katika rejista ya komini, katika kitabu cha ardhi, au kwenye sanduku la karani wa mahakama. Kazi ni kujua iko wapi, kuiomba kwa njia inayofaa, na kuilinda ukishaipata.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua. Tunaomba wanaojua kusoma wawasomee wasiojua.

KWA NINI KARATASI INA UZITO

Mji wetu unajua bei ya kukosa karatasi. Mnamo Juni 2000, kuanzia tarehe 5 hadi 10, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010, iliyochunguza uvunjaji wa haki za binadamu katika Kongo tangu 1993 hadi 2003, inasema kwamba raia waliouawa siku zile ni kati ya 244 na 760, kufuatana na mashahidi mbalimbali. Tazameni tofauti hiyo. Kati ya hesabu ndogo na hesabu kubwa kuna watu 516. Kila mmoja wao alikuwa mtoto wa mtu.

Mnamo tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliamuru Uganda ilipe nchi yetu dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa utajiri wa asili. Majaji walikubali kwamba vita yenyewe iliharibu ushahidi mwingi. Hata hivyo walisema ushahidi walioletewa haukutosha kuhesabu hasara moja moja, na kwa sababu hiyo walikadiria kwa jumla. Serikali iliunda mfuko wa kuwagawia wahanga malipo hayo, unaoitwa FRIVAO, wenye makao yake hapa Kisangani. Mtu anayedai fidia popote pale huulizwa maswali yale yale: wewe ni nani, uliishi wapi, ulipoteza nini, na marehemu alikuwa nani kwako? Mdomo peke yake hautoshi kujibu maswali hayo.

Tena, tangu Februari 2023, mgogoro wa ardhi kati ya jamii za Wambole na Walengola huko Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo, na katika sehemu za teritware za Ubundu na Opala, umesababisha vifo, nyumba kuchomwa na maelfu ya watu kukimbia. Katika mgogoro wa namna hiyo uvumi hutembea haraka kuliko karatasi. Mmoja husema ardhi imeuzwa yote, mwingine husema chifu fulani ametia sahihi, wa tatu husema mpaka umehamishwa. Kijana anayesikia hayo huchukua panga kabla hajaona hata ukurasa mmoja. Kwa hiyo kuomba hati ni kazi ya amani sawasawa na kukaa kwenye meza ya mapatano.

SHERIA INASEMA NINI

Hamwendi ofisini kuomba sadaka. Mnakwenda na haki mkononi.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya serikali, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu katika muda wa miezi mitatu. Kifungu hicho hicho kinakataza kumshitaki mtu kwa sababu ametoa ombi kama hilo.

Kwa upande wa mahakama, kifungu cha 20 kinasema vikao vya mahakama ni vya wazi, isipokuwa pale ambapo uwazi unaonekana kuwa hatari kwa utulivu wa watu au kwa maadili mema. Kifungu cha 21 kinataka kila hukumu iandikwe, itoe sababu zake, na isomwe mbele ya watu.

Kwa wakimbizi wa ndani kuna nguvu nyingine. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 kuhusu wakimbizi wa ndani, kanuni ya 20, zinasema serikali inapaswa kuwapatia hati zote wanazohitaji ili watumie haki zao, na kuwarudishia zile zilizopotea, bila kuwawekea masharti yasiyofaa, kama vile kuwalazimisha kurudi kwanza walikotoka. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika wa 2009, kifungu cha 13, unafuata njia hiyo hiyo. Karani akikuambia, "Rudi kijijini kwako kwanza," mwonyeshe maneno hayo kwa upole.

KARATASI GANI IKO WAPI?

Watu wengi huchoka kwa sababu wanagonga mlango usio wao. Tugawe milango hiyo. Ofisi zinaandika kwa Kifaransa, kwa hiyo tunataja pia majina ya Kifaransa utakayoyasikia dirishani.

1. Mtaa na komini. Chifu wa mtaa (chef de quartier) ana daftari la wakaaji na anajua nani alikaa kwenye kiwanja gani. Kwake na kwenye komini hupatikana hati ya kukaa (attestation de résidence) na karatasi ya kiwanja (fiche parcellaire). Kwenye komini huombwa pia hati ya kupoteza vitambulisho (attestation de perte de pièces). Kwa aliyekimbia bila kitu, hiyo ya mwisho iwe ya kwanza. Bila hiyo atasumbuliwa kwenye kila kizuizi na kwenye kila dirisha.

2. Ofisi ya raia (état civil). Hapa ndipo kuna rejista za kuzaliwa, ndoa na kifo. Mtoto anapaswa kuandikishwa katika siku 90 baada ya kuzaliwa, na katika muda huo kumwandikisha ni bure. Hata mtoto aliyezaliwa kambini, kanisani au katika nyumba ya jamaa anayo haki hiyo. Hati ya ndoa na hati ya kifo ni silaha ya mjane. Bila hizo, ndugu wa marehemu wanaweza kumwambia, "Wewe hatukujui," na yeye hana la kuwaonyesha.

3. Ofisi ya ardhi (affaires foncières). Ndani yake kuna wakubwa wawili wa kuwajua. Wa kwanza ni mtunza hati za ardhi (conservateur des titres immobiliers). Wa pili ni mkuu wa kadastre, yule wa vipimo na ramani. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali, na mtu hupewa haki ya kuutumia. Haki hiyo huthibitishwa na cheti kinachoitwa certificat d'enregistrement. Cheti hicho huandikwa mara mbili: nakala moja hupewa mwenye kiwanja, nyingine hubaki kama ukurasa katika kitabu cha ofisi. Kwa hiyo aliyekuwa na cheti, hata kama nyumba imekuwa majivu, ukurasa wake unapaswa kuwa bado kitabuni. Kwenye kadastre huombwa ramani ndogo ya kiwanja (croquis) na karatasi ya vipimo na mipaka (procès-verbal de mesurage et bornage).

Lakini fahamuni jambo hili: karatasi ya kiwanja ya komini na karatasi ya mauzo iliyosainiwa mbele ya chifu si cheti. Zinaonyesha kwamba ulikaa pale au ulinunua, na ni ushahidi wa kutunza, lakini hazina nguvu ya cheti. Tena, sheria ya 1973, jinsi ilivyorekebishwa mwaka 1980, inatoa miaka miwili tu ya kukishambulia cheti kilichotolewa vibaya. Familia inayosikia kwamba mtu mwingine amejiandikishia kiwanja chake haifai kusubiri mpaka irudi nyumbani. Siku zinahesabiwa hata mwenye kiwanja akiwa chini ya turubai.

4. Teritware, sekta na uchifu. Mashambani, kabla ya kutoa ardhi kubwa, sheria ya 1973 inataka uchunguzi ufanywe mahali penyewe. Mipaka itazamwe, watu waliopo wahesabiwe, mashamba na nyumba zao ziandikwe, na wenye madai wasikilizwe. Matokeo huandikwa katika ripoti ya uchunguzi (procès-verbal d'enquête). Ripoti hiyo ndiyo karatasi ya kuomba pale watu wanapobishana kama shamba la kampuni lilitolewa kwa haki. Ombeni pia mkataba wenyewe na ramani yake. Tazameni mambo manne: hekta ngapi, mipaka iko wapi, muda gani, na nani ametia sahihi. Kadiri ardhi inavyokuwa kubwa, ndivyo sahihi inavyopaswa kutoka juu. Katika sheria hiyo ya 1973, gavana anaishia hekta 200 mashambani, na zaidi ya hapo jambo linapanda mpaka Kinshasa. Mkataba wa emphytéose, ambao hutumiwa sana kwa mashamba makubwa, hauzidi miaka 25, ingawa unaweza kufanywa upya.

Kuhusu msitu, kanuni ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inadai kampuni ya mbao iwe na daftari la masharti (cahier des charges) lenye ahadi kwa wenyeji, kama vile barabara, shule au kituo cha afya. Wazee wanaodai ahadi hizo wanapaswa kuwa na nakala ya daftari hilo.

5. Mahakama na parke. Karani wa mahakama (greffier) ndiye mtunza karatasi, na ofisi yake inaitwa greffe. Mambo ya familia, urithi na ardhi ya kimila huanzia mahakama ya amani (tribunal de paix). Mambo mengine makubwa yako kwenye tribunal de grande instance, rufaa ziko kwenye Cour d'appel ya Kisangani, na mambo ya watoto yako kwenye mahakama ya watoto (tribunal pour enfants). Kila kesi ina namba. RC ni kesi ya madai, RP ni kesi ya jinai, na RMP ni namba ya parke. Andika namba hiyo mahali pengi, hata nyuma ya picha ya familia. Bila namba, karani atalazimika kufunua vitabu vya miezi mingi.

Ukiwa na hukumu, kuna nakala za aina mbili. Nakala ya kawaida iliyothibitishwa inaitwa expédition. Nakala yenye nguvu ya kutekeleza hukumu inaitwa grosse. Mwulize wakili ni ipi unayohitaji kabla ya kulipa. Faili la parke wakati wa uchunguzi ni la siri, kwa hiyo hamtapewa. Mnaweza hata hivyo kuuliza namba, jina la mwanasheria wa serikali anayelishika, na hatua iliyofikiwa.

6. Milango midogo inayosahaulika. Hospitali na vituo vya afya vina daftari la kuzaliwa na la wagonjwa. Parokia zina kitabu cha ubatizo na cha ndoa. Shule zina rejista ya wanafunzi yenye jina la baba na mahali alipozaliwa mtoto. Hizi si hati za serikali zote, lakini hakimu huzitazama pale rejista ya serikali imepotea.

HATUA SABA ZA KUOMBA HATI

Hatua ya 1. Jua unatafuta nini na kwa sababu gani. "Nataka karatasi zangu" ni ombi lisilojibiwa. "Naomba nakala ya hati ya kifo ya mume wangu, iliyoandikwa mwaka fulani katika komini fulani" ni ombi ambalo karani anaweza kulitafuta.

Hatua ya 2. Kusanya alama. Majina yote jinsi yalivyoandikwa zamani, tarehe hata ya kukadiria, barabara, namba ya kiwanja, jina la chifu wa wakati ule, namba ya kesi. Kumbukeni kwamba hati nyingi zetu zimeandikwa chini ya jina la zamani la mkoa. Tshopo imekuwa mkoa tangu 2015, na kabla ya hapo yote yalikuwa Mkoa wa Mashariki (Province Orientale). Komini inayoitwa Kisangani pia huchanganywa na mji wenyewe. Taja zote mbili wazi.

Hatua ya 3. Anza kwa mdomo. Nenda umsalimu karani, umweleze, na uulize mambo matatu: hati iko hapa au kwingine? Ombi liandikwe kwa nani? Malipo ya halali ni kiasi gani? Safari hiyo ya kwanza huokoa safari tano za baadaye, na kila mtu anajua nauli ya pikipiki, ya toleka au ya mtumbwi inavyoumiza mfuko.

Hatua ya 4. Andika barua fupi, nakala mbili. Moja inabaki ofisini. Ya pili wakupigie muhuri na waandike tarehe ya kupokea (accusé de réception). Nakala hiyo yenye muhuri ndiyo shahidi wako. Bila hiyo, ofisi inaweza kusema haikuona kitu.

Hatua ya 5. Lipa kwa karatasi, usilipe mkononi. Malipo ya serikali yanapaswa kuwa na hati ya kudai malipo (note de perception), na baada ya kulipa unapata risiti. Asiyekuwa na uwezo aombe hati ya umaskini (attestation d'indigence), kisha amwombe hakimu amwondolee au ampunguzie gharama za mahakama.

Hatua ya 6. Rudi siku uliyopewa, na uandike katika daftari lako: tarehe, ofisi, jina la uliyeonana naye, na alichosema.

Hatua ya 7. Ukipata hati, isome hapo hapo kabla ya kuondoka. Jina likikosewa herufi moja leo, kesho kutwa linakuwa kesi. Kisha itoe fotokopi, uthibitishe nakala komini, na ziweke mahali pawili.

MFANO WA BARUA

Mnaweza kuiandika kwa Kiswahili kwanza, kisha mwalimu au mwanafunzi awasaidie kuigeuza kwa Kifaransa.

Kisangani, tarehe ……
Kwa Mheshimiwa Bourgmestre wa komini ya ……
Objet: Demande de copie (taja hati)

Mheshimiwa,
Mimi ……, niliyezaliwa …… tarehe ……, niliyekuwa nikikaa barabara ya ……, mtaa wa ……, na sasa ninakaa ……, naomba kwa heshima nipatiwe nakala iliyothibitishwa ya ……, iliyoandikwa ofisini kwako mwaka ……, namba …… (kama unaijua).
Hati yangu ilipotea tulipokimbia …… mwezi wa …… mwaka ……. Ninaihitaji kwa ajili ya …….
Naomba kwa kutegemea kifungu cha 24 cha Katiba, na niko tayari kulipa gharama za halali kwa kupewa risiti.
Pokea, Mheshimiwa, heshima zangu.
Jina na sahihi (au alama ya kidole, mbele ya mashahidi wawili).

KAMA REJISTA IMEUNGUA AU HAIONEKANI

Msikate tamaa mapema. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inataka rejista za raia ziwe na nakala zaidi ya moja, na moja ipelekwe kwenye greffe ya tribunal de grande instance. Kama komini imepoteza ya kwake, ulizeni kule.

Kama hata huko hakuna, au kama tendo halikuandikwa kabisa, kuna njia ya hukumu ya kujaza pengo (jugement supplétif). Kwa mtoto, ombi hupelekwa kwenye mahakama ya watoto. Kwa mtu mzima, hupelekwa kwenye mahakama ya amani. Hakimu husikiliza mashahidi na kutazama karatasi ndogo ndogo tulizozitaja: kadi ya kliniki, kitabu cha ubatizo, rejista ya shule. Baada ya hukumu kazi haijaisha. Lazima hukumu ipelekwe kwa ofisa wa raia ili aiandike katika rejista na kutoa hati. Mara nyingi ataomba pia cheti cha kuonyesha kwamba hakuna rufaa (certificat de non appel). Familia nyingi huishia kwenye hukumu na kuiweka chini ya godoro, na mtoto anafika kwenye mtihani wa serikali bila hati ya kuzaliwa.

KAMA OFISI INAKATAA AU INANYAMAZA

Kwanza, tenganisheni kukataa na kuchelewa. Karani asiye na kabati, taa wala wino si adui yenu. Rudini kwa upole mara moja au mbili.

Pili, andikeni barua ya kukumbusha, mkitaja tarehe ya barua ya kwanza. Tatu, pandeni ngazi: toka kwa bourgmestre kwenda kwa meya wa mji, toka kwa mkuu wa sekta kwenda kwa mkuu wa teritware (administrateur du territoire), toka kwa karani kwenda kwa mkuu wa mahakama. Nne, andikeni ombi la pamoja kwa kutaja kifungu cha 27 cha Katiba na ile miezi mitatu. Ombi la familia thelathini lina uzito kuliko la familia moja, na halimweki mtu mmoja peke yake mbele ya macho ya watu.

Tano, tafuteni wakili. Chama cha mawakili kina ofisi ya ushauri wa bure (Bureau de consultations gratuites) kwa wasiokuwa na uwezo. Fanyeni haraka pale kuna hukumu. Katika jinai, rufaa ya hukumu iliyosomwa mbele ya wahusika ni siku 10 tu tangu kusomwa. Katika madai ni siku 30 tangu kuarifiwa kwa njia ya mahakama. Anayesubiri nakala mwezi mzima bila kuuliza anaweza kuipata siku ambayo haina faida tena.

TAHADHARI

Usitoe hati asili kwa mtu yeyote bila sababu ya kisheria na bila karatasi ya kupokea. Toa nakala.

Msimtume mtu asiyejulikana awakusanyie hati na fedha za kambi nzima. Wapo wanaojiita wasaidizi, na wakishapokea malipo hawaonekani tena.

Orodha za wakimbizi wa ndani, zenye majina, kabila na mahali wanapolala, si za kubandika mtini. Orodha kama hiyo ikianguka mikononi mwa wenye hasira inaweza kuua. Jina la mwanamke au msichana aliyebakwa lisiandikwe kwenye barua ya pamoja hata kidogo.

Tena, pimeni usalama kabla ya kuvuka kwenda mahali pa vurugu kutafuta karatasi. Karatasi inaweza kungoja wiki mbili. Mkiona njia si salama, ombeni kupitia komini mnayokaa sasa, wakili au shirika.

NENO KWA WAZEE NA VIONGOZI

Hati ikipatikana na upande mmoja tu, huwa fimbo ya kupigana. Upande wa pili husema imetengenezwa usiku, na uvumi unaanza upya. Tunachowashauri ni hiki: pale ardhi inagombaniwa, ombi liandikwe na pande zote mbili pamoja, lisainiwe na wazee wa huku na wa kule, pamoja na mwakilishi wa wanawake na wa vijana. Wachagueni watu wanne, wawili kwa kila upande, wakapokee nakala siku moja. Kisha isomwe mbele ya wote, kwa Kifaransa jinsi ilivyo, halafu kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, mstari kwa mstari. Mtu wa vipimo aeleze ramani kwa kutaja mito, miti na barabara ambazo wote wanazijua.

Msitegemee kwamba karatasi itamaliza kila neno. Inaweza kuonyesha kwamba sheria ilifuatwa, na bado wenyeji wakawa wamepoteza mashamba ya mababu. Sheria ya 1973 yenyewe iliahidi kwamba haki za jamii juu ya ardhi za kimila zitapangwa na ordonansi ya Rais, na kwa miongo mingi ordonansi hiyo haikutolewa. Katika pengo hilo ndimo migogoro mingi imezaliwa. Lakini watu wanaobishana juu ya ukurasa uliofunguliwa mbele yao wanaweza kuonyeshana kwa kidole mahali walipotofautiana. Wanaobishana juu ya uvumi hawana pa kuweka kidole.

Tunawaomba, kabla ya mkutano wetu ujao, kila kamati ya wakimbizi wa ndani na kila mtaa unaopokea wageni wafanye mambo matatu. Wahesabu ni familia ngapi hazina hati ya kupoteza vitambulisho. Waandike watoto waliozaliwa tangu kukimbia ambao bado hawajafikisha siku 90, na wapelekwe komini wiki hii hii. Na wachague watu wawili, mwanamke na mwanamume, wanaojua kusoma na kuandika na wanaoaminika, wawe wasindikizaji wa maombi ya hati. Tutakaa nao, tutapitia pamoja barua na milango tuliyoitaja hapa, na tutakwenda nao ofisini mara ya kwanza.